Sahihi ya Mama Lise

Katika ofisi ya viwanja pale Kamina, kusini mwa Kongo, kitu kimoja tu kiliingia bila kusaini: mvua. Ilipitia matundu matatu ya paa, na Mama Lise hakuwa na la kuifanya. Vingine vyote vilipita kwenye kaye yake.

Kaye yenyewe ilikuwa daftari nene la jalada jeusi, lenye mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula: tarehe, saa, namba ya dosie, aliyetoa, aliyepokea. Ukichukua dosie, lile faili la kiwanja, unasaini. Ukiirudisha, yeye anasaini kwamba ameipokea. Ukiazima stilo ya kuandikia kwa dakika mbili, saini, ndugu yangu, na saa uiandike. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kwa Wamethodisti, na makosa ya watu aliyajua kwa tarehe. Miaka ishirini na miwili ya kazi, karatasi hata moja haijampotea. Alilijua hilo, na alihakikisha na wewe unalijua.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tano akaja Papa Amuri, muuza vitenge, mtu wa zile familia za Waislamu waliokuja zamani kutoka Maniema. Alitaka hati ya kiwanja chake, parcelle yake kama alivyokiita, karibu na stesheni. Dosie yake, namba 212, haikuwemo kabatini. Wakatafuta Jumanne. Wakatafuta Jumatano, mpaka uvunguni mwa kabati, ambako waliokota kiatu kimoja kisicho na mwenyewe. Papa Amuri alikaa kwenye benchi na tasbihi yake kila siku, akisema, "Minyi siko na haraka. Ile parcelle haiwezi kukimbia."

Mwenye haraka alikuwa Shefu Lumbala, mkubwa wa ofisi. Na shefu akishikwa na haraka, macho yote humgeukia Théo. Huyu Théo ni karani mcheshi, moyo safi, lakini karatasi ikimfikia mkononi inaota miguu. Mwaka ule alikuwa amekwisha kupokea demande d'explication mbili, zile barua za serikali zinazokutajia kosa lako na kukupa saa arobaini na nane ujieleze. Ya tatu ingemtoa kazini, na nyumbani walikuwapo watoto watano wanaokula kweli kweli.

"Minyi nilishaka kurudisha ile dosie," Théo akasema, safari hii bila mzaha. "Mwezi wa kwanza. Mama Lise njo alipokea."

"Kila siku unasema vile," shefu akamjibu. "Mama Lise, angalia mu kaye, unipe jibu saa nane. Weye ukisema ni Théo, ninasaini barua. Na hata mukiipata mu kabati, ni yeye njo aliitupatupa. Barua itatoka tu."

Mama Lise akaichukua kaye kwa raha. Tusifichane, alifurahi. Ni mara ngapi mtu hupata nafasi ya kuonyesha kwamba alichokuwa akikisema miaka yote kina maana?

Akafungua mwezi wa kwanza. Tarehe tisa: 212, imechukuliwa na Théo. Haya. Akafunua ukurasa wa pili ili amalize kazi, na hapo kidole kikasimama. Tarehe kumi na nne, saa tatu na nusu: 212, imerudishwa na Théo. Aliyepokea: Lise. Mwandiko ulikuwa wake, umenyooka kama siku zote.

Baada ya hapo 212 haikutajwa tena. Alifunua mpaka mwezi wa tano. Haikutoka, haikuazimwa. Kwa mujibu wa kaye, dosie ilikuwa kabatini, na kabatini haikuwemo.

Akakaa chini. Ndipo alipoikumbuka mvua. Siku moja baada ya sahihi ile ilinyesha mvua kubwa ajabu, matundu yote matatu yakamwagia kabati maji, na kesho yake yeye Lise alibeba dosie kumi na moja zilizolowa, akaenda nazo nyumbani. Alizipiga pasi ya makaa, karatasi moja moja, kitambaa juu yake, kisha akazilaza chini ya godoro zinyooke. Kumi zilienea upande wake. Moja akaisukumia upande wa mumewe. Wiki iliyofuata akarudisha zile za upande wake, roho nyeupe, na hakuandika neno. Aandike nini? Ajikabidhi mwenyewe, ajipokelee mwenyewe? Kaye ilikuwa ya watu wengine.

Saa sita akapanda pikipiki mpaka nyumbani. Mumewe Abner, mstaafu wa reli, alikuwa anakula. Akampita bila salamu, akanyanyua godoro.

"Kumbe njo hiyo," Abner akasema kutoka mlangoni, tonge la bukari mkononi. "Tangu mvua ya mwezi wa kwanza nakuambia, huku kwangu iko kitu inaniumiza mbavu. Ukasema ni uzee."

Dosie 212 ilikuwa imenyooka kuliko dosie yoyote ya kabatini. Mama Lise akamweleza mumewe yote. Abner akatafuna, akameza, akafikiri.

"Irudishe mu kabati polepole," akasema. "Useme ilikuwa nyuma ya zingine. Nani atajua?"

Hilo ndilo lililomtesa njia nzima. Hakuna ambaye angejua. Papa Amuri angepata hati yake, shefu angemsifu kwa macho yake makali, na Théo angefukuzwa kwa kuitupa dosie aliyomkabidhi yeye Lise mkononi. Nayo kaye, ambayo haikuwahi kumsingizia mtu, ingebaki inasema kwamba 212 haijatoka kabatini hata siku moja. Aliwahi kumfokea Théo mbele ya watu kwa sababu ya stilo ya dakika kumi. Alilikumbuka hilo kwenye kila shimo la barabara, na mashimo ya Kamina si ya kuhesabu.

Saa nane wote walikuwa ofisini. Barua ilikuwa mezani kwa shefu, imekwisha kuchapwa, imebaki sahihi tu. Théo alikuwa amekwisha kutia picha ya watoto wake mfukoni. Mama Lise akaweka dosie mezani, na kaye juu yake, wazi.

"Théo hana kosa, shefu. Alirudisha, minyi njo nilipokea. Nilibeba kwangu kuipiga pasi sababu ya mvua, na sikuandika. Ilikuwa chini ya matela yetu tangu ile siku."

Papa Amuri akakohoa kwenye benchi lake.

"Mganga hajigangi," akasema. "Kumbe Papa Abner alikuwa analala mu parcelle yangu bure."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na shefu akageukia dirisha ili naye acheke kidogo. Alipogeuka tena alikuwa shefu. Akaichana barua ya Théo, akavuta karatasi nyingine.

Saa tisa Papa Amuri aliondoka na hati yake. Saa tisa na nusu Théo akaja mezani kwa Mama Lise na bahasha. Ilikuwa demande d'explication, ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Théo hakuitupa mezani. Alifungua kaye, akapiga mstari kwa rula, akaandika tarehe, kisha akamnyooshea stilo.

"Saini hapa, Mama Lise," akasema kwa upole. "Na saa usisahau."

Mama Lise akamtazama usoni akitafuta kejeli. Aliiona kidogo tu, pembeni mwa mdomo, akaona ni haki yake. Akasaini, akaandika saa. Chini yake akaongeza mstari mwingine: 212, ilitoka mwezi wa kwanza, tarehe kumi na sita, imerudi leo, aliyechukua ni Lise. Akamgeuzia Théo kaye, naye akasaini kwamba ameipokea.

Kisha akaenda kabatini, akatoa dosie yake binafsi, ile ya kutunzia barua za makosa yake, iliyokuwa tupu miaka yote. Akaitia nakala ya barua ndani, akaipa namba moja.