Tangazo Nyuma ya Mlango

Mwaka mmoja wa maisha yangu ulimezwa na mlango, na mimi si mtu wa kusahau. Ndiyo maana chuo kilipotafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kuwashika mkono wageni, nilikuwa wa kwanza kujitokeza. Nikapewa binti mmoja mpole, mtoto wa fundi cherehani, anayekaa kiti cha mbele na kuandika hata kikohozi cha mhadhiri.

Wiki ya sita, Ijumaa asubuhi, nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu nione fomu yako ya kusajili masomo."

"Fomu gani, dada? Si nahudhuria kila siku?"

Sekondari mwalimu huita majina, usipoitika, unatafutwa. Huku hakuna anayekuita. Utasoma muhula mzima, ufike mtihani ukute jina lako halipo. Ndivyo nilivyorudia mwaka mimi.

"Baba ameshawatambia wateja wote kwamba niko chuo," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Yafute. Twende."

Ofisi ya usajili ilikuwa na foleni. Karani hakuinua hata uso. "Muda ulikwisha wiki ya nne. Tangazo lilibandikwa."

"Wapi, kaka?"

"Hapo ukutani. Wasomi gani nyie msiosoma?"

Watu wakacheka. Binti akainama. Mimi nikaushika mlango, ule unaoachwa wazi kutwa ukiegemea ukuta, nikaufunga pu! Karatasi ikaonekana, ileile ya miaka yote, pembe zimejikunja.

"Soma mstari wa mwisho. Kwa sauti."

Binti akasoma: "Waliochelewa watajaza fomu ya pili hadi Ijumaa ya wiki ya sita, saa sita mchana."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Mwaka wangu wa kwanza niliusoma mstari huo Jumamosi, siku moja baada ya muda kwisha, kupitia dirisha, ofisi imefungwa," nikamwambia karani. "Tangazo linaloonekana mkishaondoka mnambandikia nani? Mlinzi?"

Safari hii walimcheka yeye. Akavuta droo, akatoa fomu. "Si ungesema mapema, dada."

"Nina miaka mitatu nasema."

Binti akajaza, ikagongwa muhuri. Nikadhani tumemaliza. Kumbe yule mpole amelibandua tangazo taratibu, analibandika kwenye kioo cha dirisha, mbele ya pua ya karani. Kisha akaigeukia foleni.

"Jamani, nani mwingine hajajaza?"

Mikono minne ikanyooka.