Kibali cha Kuingia Hekaluni

Ardeth Sorensen hakuanza utafiti wake ili abomoe. Alianza ili ajenge. Binti yake Brinley alipokuwa angali sekondari, Ardeth aliazimia kumwandikia kitabu kidogo, amkabidhi siku ya harusi yake, cha kuwajibu wanaodai kwamba Kitabu cha Mormoni, maandiko matakatifu ya kanisa lao, hakikutoka kwenye mabamba ya dhahabu bali kichwani mwa mtu. Alikuwa mwalimu wa historia. Karatasi kuukuu hazikumtisha.

Akasoma kila majira ya baridi, theluji ikifunika bonde la Sanpete: magazeti, mahubiri na vitabu vya shule vya wilaya alikokulia nabii wa kwanza wa kanisa lao, aliyekitoa Kitabu hicho, vilivyochapishwa kabla Kitabu hakijatoka. Alitaka kuonyesha kwamba hapakuwa na cha kufanana nacho. Akakuta vya kufanana. Kwanza kifungu kimoja, akakipuuza. Kisha ugomvi mzima wa wahubiri wa wakati ule, umewekwa kinywani mwa manabii wa kale wa Kitabu. Kisha maneno ya Isaya ndani ya Kitabu, pamoja na makosa yaleyale ya wafasiri wa Biblia ya Kiingereza. Alifunga, akaomba mpaka magoti yakamuuma, na mbingu zikanyamaza. Mwishowe alijua, kama mtu ajuavyo kwamba mgonjwa aliyemshika mkono hapumui tena.

Hakumwambia mtu. Mumewe Delwin, mfugaji wa bata mzinga, alikuwa akimwita tu kutoka jikoni: "Mama, hizo karatasi zitakupofusha! Njoo ule viazi, jibini inaganda."

Brinley akachumbiwa, na kibali cha Ardeth cha kuingia hekaluni kilikuwa kimekwisha muda. Kwa watu wao harusi hufungwa hekaluni, na mama ndiye humsindikiza binti humo ndani, akakaa ubavuni pake anapoweka maagano, akamtazama anapopiga magoti madhabahuni na mumewe. Asiye na kibali hubaki nje, hata kama ndiye aliyemzaa.

Basi, ili apewe kibali kipya, akaenda kuhojiwa na Askofu Lyle Peay, jirani yao, ambaye siku za kazi hutengeneza matrekta, maana kwao askofu hana mshahara.

"Dada Sorensen, leo nimevaa tai. Usinicheke."

"Sicheki, Askofu. Nashangaa tu umemvua nani tai hiyo."

Wakacheka, na Askofu akaanza kuuliza maswali haraka haraka, kama mtu anayepita njia ya nyumbani kwake. Je, anamwamini Mungu? Ndiyo. Je, ana ushuhuda kwamba injili ilirejeshwa duniani kupitia nabii yule wa kwanza na Kitabu chake? Ardeth alimfikiria Brinley katika nguo yake nyeupe.

"Ndiyo."

Neno lilitoka kwa wepesi ambao hakuutazamia, na wepesi huo ukamtia hofu. Zaka, ndiyo. Kahawa haonji, pombe haonji, kama kanisa lilivyokataza. Askofu alikwisha kushika kalamu.

"Je, wewe ni mkweli katika mambo yako yote?"

Ardeth akaitazama ile kalamu.

"Ardeth?"

"Hapana. Nimekudanganya sasa hivi, Lyle. Kile Kitabu kiliandikwa na mtu. Nimejitahidi nisilione hilo, nimeshindwa."

Askofu akaweka kalamu chini. "Harusi ni Ijumaa. Mimi sikusikia kitu. Tuanze upya, nikuulize, unijibu."

"Tutafika palepale."

"Basi kwa ajili ya mtoto, jamani!"

"Hata ile ndiyo ya kwanza niliisema kwa ajili ya mtoto."

Askofu alimtazama kwa huruma kubwa. Hakutia sahihi.

Nyumbani, Brinley alisikiliza huku bado amevaa nguo ya harusi, pindo likiwa na pini.

"Kila mtu ana mashaka, Mama. Ungemeza tu, kama dawa."

"Nilimeza, mwanangu. Ilirudi."

"Kwa hiyo wafu wa kwenye magazeti wanakuhusu kuliko mimi?"

"Hapana."

"Sasa nani atakaa na mimi mle ndani? Eti mama mkwe? Mwanamke hata hajui kwamba nikiogopa huwa nacheka!"

Akacheka kweli, cheko baya, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Ijumaa asubuhi walipanda kilima cha hekalu pamoja. Mama mkwe alimchukulia Brinley mkoba. Delwin aligeuka mara moja mlangoni, kofia mkononi, akawa kama anayetaka kusema neno, akaingia. Ardeth akabaki kwenye benchi katika ua, pamoja na watoto wa ndugu waliokuwa wakibingirika kwenye majani na kukatazwa wasichafue nguo.

Mwanamke mmoja mgeni akaketi kando yake. "Nawe umeachiwa watoto wa kuchunga, siyo?"

"Ndiyo," akasema Ardeth.

Alikisia kwamba saa ile binti yake alikuwa akipiga magoti. Akataka kumwombea. Akafumba macho, akainamisha kichwa, akakunja mikono kifuani kama alivyofundishwa angali mdogo. Maneno yalikuwapo yote, kwa mpangilio wake. Hakuwa na wa kumwambia.