Mabakuli Yaliyorudi Nyumbani

Ko, ko, ko, kizingitini, kabla hakujapambazuka. Chizuru alijua ni nini. Akainuka taratibu asimwamshe binti yake, Fumi. Nje yalisimama mabakuli ya wali, yale yaliyopelekwa dukani mjini wiki iliyopita yakarudi yenyewe juzi, vitako bado vimeganda matope ya njiani. Alipokwenda kuteka maji yakamfuata. Aliporudi, yakarudi.

"Yafungie bandani, mama Fumi," mumewe, Tokuji, alinong'ona. "Mzee Kurogi anakuja leo kugawa zamu za kuchoma vyombo kwenye tanuri."

"Si niliyafungia jana? Yaligonga mlango mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini."

Pale kijijini kila nyumba ilikuwa na gurudumu moja la kufinyangia, na gurudumu lilikuwa la mrithi wa kiume. Wanawake walikanda udongo, walichekecha majivu, walibeba. Lakini tangu Tokuji avunjike mkono kwenye machimbo ya udongo, aliyekaa kwenye gurudumu, milango imefungwa, ni Chizuru; na vyombo humfuata aliyevifinyanga. Wakigundulika, zamu yao ya tanuri ingepewa nyumba nyingine, na wao wangekula nini?

Mzee Kurogi akaja na wafinyanzi wenzake. Chizuru akaleta chai kwa hatua fupifupi, labda mabakuli yangechoka kumfuata. Hayakuchoka. Yakaingia nyuma yake, yakajipanga visiginoni mwake kama vifaranga. Chai ikamwagika kidogo. Wazee wakatazama, wakanywa.

"Tokuji, mabakuli yako yana akili kukushinda," mmoja akasema. "Yanajua chakula kinatoka wapi."

Wakacheka.

"Ni kawaida," akasema Mzee Kurogi. "Ya kwangu yalimsindikiza marehemu mke wangu mpaka makaburini. Yanazoea harufu ya mkandaji tu."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mzee akaokota bakuli moja, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. "Mwaka huu umefinyanga vizuri sana, Tokuji. Zamu yako ipo palepale."

Tokuji akainama, mkono mbovu kauficha ndani ya kanzu yake. Chizuru naye akainama.

Mzee akampa Fumi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, lile bakuli. "Haya, mjukuu wangu, la kwako hilo. Mshukuru baba."

Fumi akalikumbatia. Akageuka, akampita baba yake, akasimama mbele ya Chizuru, akasema kwa sauti, wote wakisikia:

"Asante, mama."