Uliza kwa Kifupi

"Inueni, msiburute!" alifoka Mwamvita, ingawa meza aliyoikalia miaka yote ilikuwa mali ya maktaba na vibarua hawakuwa wake. Walikuwa wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wakiihangaisha meza ya maulizo mlangoni mithili ya ng'ombe aliyegoma kupanda lori. Pale ilipokuwa imekaa miaka yote palibaki mraba wa sakafu isiyofifia, na Audax, kijana wa kompyuta, alikwishaanza kupafagia.

Maktaba ya Mtongani, kule Temeke, ilikuwa imepata mtandao. Mwaka ule wa tisini na tisa hilo halikuwa jambo dogo. Wafadhili walileta mashine moja, mafundi wakaiunganisha na waya wa simu, na Bwana Kamugisha, msimamizi, akawakusanya wafanyakazi wake kuwatangazia kwamba enzi ya kupekuapekua imekwisha. Msomaji atauliza, mashine itajibu. Ukutani akabandika karatasi yenye herufi kubwa: ULIZA KWA KIFUPI. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa haraka tu, aliyeamini kabisa kwamba salamu ndefu ndizo zilizoichelewesha nchi hii.

"Na mie?" Mwamvita alimuuliza.

"Wewe utahamia kwenye magazeti. Utayapanga, utayatoboa, utayafunga kamba. Kuanzia Jumatatu."

"Magazeti hayaulizi kitu, Bwana Kamugisha."

"Ndiyo raha yake. Mama, wakubwa wanataka kuona watu wanahudumiwa. Mtu mmoja akikueleza habari za shangazi yake asubuhi nzima, wengine watahudumiwa na nani?"

Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Mwamvita hakuwa mwepesi. Lakini alikuwa amezaliwa na kukulia Temeke, na alijua kwamba mtu wa huku haji na swali lake mkononi. Hulizungusha kwanza. Anayeomba kitabu cha kilimo cha minazi, mpe kiti, mwache aongee, mwishowe utakuta anagombea shamba la urithi na kaka yake, na anachohitaji ni sheria ya mirathi. Ukimpa cha minazi atashukuru, ataondoka nacho, na nyumbani wataendelea kununiana. Kazi ya Mwamvita ilikuwa kulingoja swali la pili. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na alikuwa ameapa moyoni kwamba Jumatatu haitamkuta akifunga magazeti kamba. Atafanyaje, hilo hakulijua bado.

Meza ikaachwa barazani kusubiri gari la kuipeleka ghalani. Mwamvita akavuta kiti chake, akaketi papo hapo nje. Kama walidhani atalia, walikosea.

Ijumaa asubuhi akaja Bi Zubeida, mwenye duka la vitambaa Tandika, mama wa Kiarabu aliyejulikana kwa mkono wa kutoa na mdomo wa kufunga. Alipita barazani akiwa ameinamisha kichwa, akaenda moja kwa moja kwa Audax. Dirisha lilikuwa wazi na Mwamvita akasikia yote.

"Shikamoo mama. Swali lako?"

"Marahaba." Bi Zubeida aliitazama karatasi ya ukutani, akawatazama wanafunzi waliojipanga nyuma yake. "Viatu," akasema. "Viatu vya mtoto mchanga. Vigumu kidogo, vinavyopanda mpaka huku juu."

Audax akabofya. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikatoa viatu vya kila rangi kutoka maduka ya Marekani. Akamchapishia karatasi moja nzuri. Kazi safi, kwa kifupi, kama alivyoelekezwa. Bi Zubeida aliikunja bila kuisoma, akasema ahsante, akasema ahsante tena, akatoka.

Mtu haongezi shukrani kwa kitu alichokihitaji kweli. Mwamvita alisimama.

"Shikamoo Bi Zubeida. Kaa upoe kidogo, jua kali."

"Marahaba mdogo wangu. Sikai, nina haraka." Akakaa.

Wakazungumzia jua. Wakazungumzia maji ya bomba yaliyokatika Tandika, na khanga mpya ambazo rangi zake hazidumu.

"Nasikia mwanao Wafa kajifungua," Mwamvita akasema.

"Alhamdulillahi. Wa kiume."

"Hajambo mtoto?"

"Hajambo."

Bibi gani huyo, mjukuu wa kwanza, akasema neno moja akanyamaza? Mwamvita alizitazama kucha zake, akaitazama barabara, hakumsukuma.

"Kuna jirani yangu," Bi Zubeida alisema hatimaye. "Mjukuu wake kazaliwa miguu imejikunja. Nyayo zinatazamana. Sasa siku ya arobaini watu watajaa kuja kumwona mtoto, ndiyo akasema, labda vikipatikana viatu vya kumnyoosha..."

"Huyo jirani kampeleka mtoto hospitali?"

"Ampeleke vipi na arobaini bado? Mzazi yuko ndani, mtoto yuko ndani. Na waliomzalisha wamesema asubiriwe akue, mifupa ikomae kwanza. Tangu kuzaliwa anafunikwa miguu. Hata baba yake hajaiona."

Mwamvita hakuuliza ni jirani yupi. Alimshika mkono, akamwinua, wakaingia ndani wote wawili.

"Nipishe, mwanangu," akamwambia Audax.

"Mama, hii mashine si..."

"Nipishe."

Hakuwa ameigusa hata siku moja; alikuwa akiisusia. Sasa akakaa mbele yake na kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku foleni ikiguna, akaandika: *Samahani, naomba kuuliza, mtoto mchanga aliyepinda miguu kwa ndani anasaidiwaje?* Akakosa pa kubonyeza. Audax akambonyezea, akiuma midomo ili asicheke.

Mashine haikuleta kitu.

"Haitaki samahani, mama," Audax alisema kwa upole. "Na Kiswahili haikijui. Inataka jina la ugonjwa, kwa Kiingereza."

"Haya, niambie jina."

"Mie silijui."

Uso ulimwaka Mwamvita. Wanafunzi walikuwa wakinong'onezana, na Bwana Kamugisha alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake. Angeweza kuinuka hapo, akarudi zake barazani, na kila mtu angesema si tulijua. Aliinuka kweli, lakini akaenda kwenye kabati la mwisho, akakikumbatia kile kitabu kinene cha utabibu kilichokuwa kikubwa kwa umri kuliko Audax, akakitua kando ya mashine. Akafunua picha baada ya picha. Bi Zubeida ndiye aliyeweka kidole.

"Ndivyo hivyo," alisema. "Ndivyo hivyo hasa."

Chini ya picha palikuwa na jina. Kitabu chenyewe kilishauri mtoto angojwe, kisha apasuliwe. "Andika neno hili," Mwamvita alimwambia Audax, "tuone wenye habari mpya wanasemaje."

Safari hii mashine ilileta ukurasa mrefu wa hospitali ya ng'ambo. Audax akawa anasoma, Mwamvita anaeleza, wakikwama mahali wanarudia. Mtoto asingojwe akue. Mifupa ya mchanga bado laini; daktari huinyoosha miguu kidogo kidogo kwa mkono, huifunga hogo, lile plasta gumu la waliovunjika, na kulibadilisha wiki hata wiki. Wiki za mwanzo ndizo zenye faida kubwa.

"Viatu vipo," Mwamvita alisema, "ila vinakuja mwisho, miguu ikishanyooka."

"Mwamvita!" Kamugisha alikuwa amefika. "Laini ya simu mmeizuia asubuhi yote, na mtu aliyehudumiwa ni mmoja. Jumatatu, magazeti. Umenisikia?"

"Nimekusikia," Mwamvita alijibu, na hakuinuka.

Bi Zubeida hakuwa na habari nao. "Kwa hiyo arobaini..."

"Mie si shehe, Bi Zubeida, wala si daktari. Lakini mzazi akizidiwa ndani, hutolewa akapelekwa hospitali, na hakuna anayesema neno. Sasa mtoto naye ana kosa gani?"

Yule mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, mbele ya wanafunzi, mbele ya Kamugisha, bila kujificha. "Kesho nampeleka mjukuu wangu," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Mwenye kutaka kusema na aseme." Karatasi mpya aliyochapishiwa hakuikunja. Aliondoka ameishika wazi.

Jumatatu Mwamvita alifika kabla ya wote. Magazeti yalikuwa yakimngoja, rundo na kamba juu yake. Akayapita. Akachukua viti viwili, akaviweka kando ya kompyuta, kimoja chake na kimoja cha mgeni.

"Audax, wewe andika, mie niongee. Na wakiondoka unifundishe hizo herufi zilipokaa."

"Na Bwana Kamugisha je?"

"Bwana Kamugisha ana miguu. Atakuja mwenyewe aniinue."

Siku nzima watu walikaa kwenye kile kiti. Wengine walikuwa na haraka kweli, wakauliza, wakajibiwa, wakaenda, Mwamvita hakuwazuia. Wengine walianza na habari za mbali. Mara kwa mara Kamugisha alipita, akatazama, akarudi ofisini. Kila alipopita Mwamvita alijiandaa upya na maneno atakayosema. Aliogopa, kwa nini tufiche? Lakini hakuhama.

Jioni, wasomaji walipokwisha na Audax akiwa nje anafunga madirisha, Kamugisha akaja. Safari hii hakupita.

"Mwamvita."

"Bwana Kamugisha." Maneno yote aliyoyaandaa yalikuwa tayari mdomoni.

Msimamizi alikitazama kile kiti kitupu. Akakigusa mgongoni. Kisha akakaa.

"Habari za nyumbani?" aliuliza.

Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumuuliza hivyo.

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri, nzuri." Alizungusha funguo kidoleni. "Kule kwetu Bukoba wanasema mvua mwaka huu imezidi."

"Eti?"

"Eeh. Imezidi kabisa." Akakohoa kidogo. "Wazee hawajambo. Ni mvua tu."

Kisha macho yake yakashuka sakafuni. Mwamvita aliondoa mikono kwenye mashine, akaiweka mapajani, akakigeuza kiti chake polepole mpaka wakatazamana. Akalingoja swali la pili.