Nakshi Ina Mwenyewe

Heamasi alikaa chini kwenye udongo, na suruali yake nyeupe ya kazi. Mtoto wa kaka hakai juu kuliko kichwa cha shangazi yake, hata awe ofisa wa mahakama.

Siutiti hakuinua macho. Alikuwa anamalizia kupaka rangi ngatu, kitambaa cha magome cha kutandikwa chini ya jeneza jioni ile. Jeneza la kaka yake, baba yake Heamasi.

"Shangazi, nimetumwa."

"Najua. Ungekuja kwa hiari yako ungebeba viazi vikuu."

"Hoteli imeisajili nakshi hii. Kisheria ni yao. Kila chenye nakshi hii kichukuliwe."

"Wameipata wapi?"

Heamasi alijua. Alikuwepo hoteli ilipofunguliwa, Siutiti alipowapelekea kitambaa chake kizuri kuliko vyote. Mgeni huheshimiwa kwa kupewa, na zawadi haitajiwi masharti. Wao wakakipiga picha, picha wakampa mwanasheria. Watu wazima kabisa, na aibu hawana.

"Ndege hawa aliwachora bibi yangu," Siutiti alisema. "Nyota nimeongeza mimi. Kesho nikipenda naongeza kingine. Na mkono wangu watausajili?"

"Wanasema uchore tu, ila uombe kibali."

"Kibali cha kumzika kaka yangu."

"Nisipokichukua kitambaa nafukuzwa kazi, Shangazi. Nina watoto."

"Nani kakukataza? Chukua. Lakini kwanza geuka."

Shangazi akisema geuka, unageuka. Alichovya brashi kwenye rangi nyeusi, akamchora mgongoni juu ya shati la serikali: ndege, nyota, na chini yake samaki ambaye hajawahi kumchora. Hakuwa na haraka. Heamasi alilia kimya, mabega yakimtikisika, naye akamwambia atulie asimharibie mstari.

"Haya. Kawaonyeshe."

Heamasi alikikunja kitambaa cha baba yake, akakipeleka garini. Mwenzake aliyeshika usukani alimtazama mgongo, kisha akaitazama karatasi ya amri.

"Vua," akasema. "Hilo nalo lina nakshi."

Akavua.

Jioni aliingia msibani kifua wazi. Jeneza lilikuwa juu ya mkeka mtupu. Wanawake wakamwona mgongo, wakaacha kuimba: rangi ilikuwa imepenya shati ikashika ngozi, ndege, nyota, na samaki wake.

Siutiti, aliyekaa upande wa kichwa cha marehemu, akasogea kumpa nafasi.

"Kaa hapa," alisema. "Waje wakuchukue na wewe."