Simu Inayomkatalia Fundi

Mpwa wangu alinipigia Jumatatu asubuhi nikiwa nimeshafunga begi. Niende wapi, sikuwa nimeamua. Ndivyo nilivyo. Miaka arobaini nimezunguka na nyaya za simu, mji huu mwaka, mji ule miezi sita. Shule yenyewe niliisoma vipande vipande, na hesabu za kugawanya nilizimalizia juu ya nguzo.

"Mjomba, usiondoke," akasema. "Nina mpaka Ijumaa."

Yeye ndiye mkuu wa karakana ya laini za simu. Akanieleza shida yake haraka haraka. Chumba cha eksirei cha hospitali kinatuma picha kwa daktari aliye mji wa mbali, kwa laini ya kidijitali, na kila asubuhi laini hiyo inakatika. Dakika nne, tano, inarudi. Wiki ya tatu sasa. Hospitali imechoka: ikikatika tena baada ya Ijumaa, kazi wanapewa watu wengine, na mpwa wangu na mafundi wake sita wanarudi nyumbani. Kampuni ya simu imemruhusu kununua vipimo vipya, lakini vya aina moja tu, na achague mwenyewe.

"Sasa mimi nikuchagulie?"

"Unisaidie. Wewe umepima laini kabla sijaota meno."

Nikalifungua begi, nikatoa Kifaru. Kifaru ni simu yangu ya ufundi, ile ya kushika mkononi yenye vibanio viwili vya kunasa waya. Ni nzito, mpira wake umechubuka, na imewahi kuanguka kutoka nguzoni ikalia bila kuvunjika.

Karakanani nilimkuta muuzaji wa vipimo, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, amepanga mali yake mezani. Cha kwanza sanduku kubwa lenye kioo.

"Hili, mzee, linapima kila kitu."

"Hata njaa?"

Mpwa wangu akacheka, muuzaji hakucheka. Cha pili mita ya volti, hiyo naijua. Cha tatu simu ya ufundi ya njano, nyepesi kama kopo tupu.

"Hii ya kawaida tu," akasema muuzaji. "Ukiinasa kwenye laini ya kidijitali inawasha taa nyekundu na inakataa kuivuta laini, yaani kuishika ili upige."

"Inamkatalia fundi?" nikauliza. "Irudishe. Sina umri wa kubishana na plastiki."

Nikachukua sanduku na mita, nikaenda hospitali.

Mpiga eksirei alikuwa mama wa makamo, amekunja mikono, uso wa mtu aliyeahidiwa mara nyingi.

"Wewe ni wa ngapi?" akaniuliza.

"Wa mwisho, mama."

"Wote husema hivyo."

Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kumwomba: daftari. Kila laini ilipokatika aliandika siku na saa. Nikavaa miwani, nikasoma. Saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na robo. Saa tatu na dakika ishirini. Jumamosi na Jumapili, hakuna kitu.

"Laini yako inapumzika wikiendi," nikasema.

"Afadhali yake. Leo asubuhi picha ya mtu aliyeanguka kichwa imekwama nusu. Daktari ameona sikio tu."

Hapo utani ukaniisha. Nilipima jioni ile, yeye akiwa amezima mashine zake. Sanduku likasema waya ni mzima kutoka chumbani mpaka kwenye kabati la nyaya la barabarani. Mita nayo ikakubali. Waya mzima, ila unakatika kila siku ya kazi saa tatu. Nikalala na hilo kichwani.

Jumanne saa tatu kasoro nilikuwa barabarani, mbele ya kabati. Mafundi wa mpwa wangu walishafika, mkubwa wao akiwa yule mrefu wanayemwita Ngazi. Aliponiona akavua kofia.

"Mwalimu! Bado uko hai?"

"Nakusubiri utangulie. Mnafanya nini?"

"Wateja wapya. Tunatafuta jozi zisizo na mtu."

Kabati lile lina jozi mia za nyaya, na vibandiko vingi vilishafutika kwa jua na vidole. Nikamwacha aendelee. Mimi nikahesabu mpaka jozi ya arobaini na moja, ya hospitali, nikanasa Kifaru, nikabonyeza kuvuta laini. Ssssss. Hakuna mlio, hakuna mtu. Simu yangu ya mfukoni ikaita.

"Mzee! Imekatika sasa hivi!" Alikuwa mama wa eksirei.

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikajiona nimemkamata mwizi akiwa dirishani. Nikamwambia atulie, nipo palepale, naisikiliza. Nikazidi kusikiliza. Nilipochomoa vibanio, baada ya dakika tatu akapiga tena: imerudi.

Jumatano nikarudi, safari hii mikono mfukoni. Nilitaka kuona tu. Saa tatu na dakika kumi na mbili Ngazi alifika jozi ya arobaini na moja. Akanasa simu yake, akasikiliza, akabonyeza kuvuta laini apige namba. Simu yangu ikaita.

Sikuipokea. Nilimshika Ngazi mkono.

"Chomoa."

"Kwani vipi? Hii tupu, haina mtu."

"Nani amekwambia haina mtu?"

Akanishangaa kama nimepotewa na akili. "Si wewe, Mwalimu? Ulitufundisha wote hapa. Nasa, sikiliza, ukisikia watu wanaongea toka, ukisikia kimya vuta laini upige. Tumefuata hivyo hivyo mpaka leo."

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara na Kifaru mapajani. Nilipowafundisha, laini zote zilikuwa za watu kuongea, na kimya kilikuwa kimya. Siku hizi picha ya kichwa cha mgonjwa inapita ndani ya kimya hicho hicho. Wewe ukivuta laini, unamnyang'anya. Wiki tatu tulikuwa tunamtafuta mkataji, na mkataji nimemfundisha mimi.

"Basi tubandike karatasi hapo, yaishe," akasema Ngazi.

"Karatasi zilikuwepo. Ziko wapi? Na kesho kutwa zitaletwa laini kumi nyingine kama hii. Hatuwezi kumlinda mgonjwa kwa gundi."

Nikarudi karakanani kwa miguu. Mpwa wangu alikuwa na fomu ya kununua, jina la sanduku limeshaandikwa kwa penseli.

"Futa," nikasema.

"Mjomba, wewe mwenyewe uliikataa ile ya njano."

"Nilikosea. Tena nilianza kukosea zamani, wewe ukiwa bado shule. Sanduku la kuazima litatutosha siku waya ukiumwa. Waya huu hauumwi. Wanaouumiza ni sisi."

Akaketi, akaweka penseli chini. "Kampuni haitaki maneno. Inataka kuona."

"Itaona."

Alhamisi tulikuwa watu wengi kabatini: wakubwa wawili wa kampuni, msimamizi wa hospitali, muuzaji na viatu vyake. Mama wa eksirei alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa wote wasikie. Nilikuwa nimemwomba ruhusa kwanza, asiwe na mgonjwa mezani.

"Sina mtu," akasema. "Natuma picha ya majaribio. Inakwenda."

Nikanasa Kifaru mbele yao, nikavuta laini.

"Imekatika," akasema mama. Msimamizi akanitazama vibaya. Nikachomoa, tukasubiri mpaka ikarudi, nikampa Ngazi ile ya njano. Akainasa. Taa nyekundu ikawaka. Akabonyeza mara moja, mbili, mara ya tatu kwa hasira.

"Inakataa, Mwalimu."

"Mama, vipi huko?"

"Inakwenda. Imefika. Kwani mmeanza?"

Mpwa wangu alicheka mpaka akafuta macho. Ijumaa alitia sahihi: simu saba za njano.

"Mafundi sita," nikamwambia. "Ya saba ya nani?"

"Ya anayewafundisha upya. Huondoki ukaniachia mimi makosa yako, Mjomba."

Begi lilikuwa bado mlangoni. Nikalisogeza kwa mguu mpaka chini ya meza. Zile simu za zamani tulizifungia kwenye kabati la karakana, Kifaru ikiwa juu.

Jumatatu, saa tatu na robo, Ngazi aligusa jozi ya arobaini na moja, akaona nyekundu, akaisonya, akaenda ya arobaini na mbili. Saa tatu na nusu nikampigia mama wa eksirei.

"Umeandika nini leo?"

"Sijaandika. Nina kazi, mzee, usinikate."