Bastola ya Kiunoni

Majambazi walituvamia mara mbili dukani kwetu Thorncliffe Park, huku ughaibuni, ndipo mume wangu Navroz akatafuta leseni ya bastola. Kipupwe kizima alikuwa akichagua. Rivolva haikwami, lakini ina risasi sita tu. Ya magazini, kile kibweta cha risasi ndani ya mpini, inabeba kumi, lakini huweza kukwama. Mimi nilichoka siku ya tatu. Yeye alishajiona ameivaa kiunoni nyuma ya kaunta, kama baba yake kule Kisumu.

Siku ya kununua, muuzaji alimsikiliza hadi mwisho.

“Yoyote utakayochukua,” akasema, “kwa sheria ya hapa itakaa nyumbani, ndani ya sanduku la kufuli. Utaitoa kwenda uwanja wa shabaha tu.”

Navroz aliondoka mikono mitupu. Tulipofika nyumbani nikamuuliza amechagua ipi.

“Tuuze duka,” alisema.